Barua kwa wanangu mnaoshika gongo

Wanangu wa besiboli na softiboli,

Shikamoo zenu za Jumamosi nilizipokea, marahaba. Lakini nilirudi nyumbani na donge kooni, hata chai haikupita.

Tulikuwa nyuma tano kwa sita, zamu ya mwisho, katolewa mtu mmoja tu, mwenzenu kasimama besi ya tatu, kituo cha mwisho kabla ya kupata pointi. Kilichotakiwa ni mpira mmoja wa chini upenye pembeni. Mpigaji wetu akajikunja kama mpasua kuni, akazungusha mara tatu: mpira mmoja ulipita kwenye kifundo cha mguu, mwingine usawa wa kofia, wa tatu sidhani kama aliuona. Kisha akalibwaga gongo chini. Gongo moja tunalogawana watu kumi na wanne! (La kupigia hilo, lile la kwenye chupa tuachane nalo.) Na kabla ya mechi mlipanga mstari, mkavua kofia, mkauinamia uwanja kama tulivyofundishwa na Wajapani waliotuletea mchezo huu. Mnauinamia uwanja halafu gongo mnalitupa?

Basi leo nina neno moja: macho.

Mpira wa kilomita 130 kwa saa, kutoka mita 18.44, unakufikia kwa nusu sekunde hivi. Ninyi mabinti mnarushiwa kutoka mita 13.11, kwa hiyo kilomita 95 kwenu ni haraka ile ile. Asiwadanganye mtu kwamba softiboli ni mchezo wa mteremko. Ndani ya nusu sekunde hiyo uuone, uamue, upige. Aliyekwisha kuamua kupiga homurani, mpira wa kuvuka uzio, tangu yuko benchi hana cha kuamua tena. Anazungusha tu.

Ted Williams, mpigaji wa Boston kule Marekani, alimaliza mwaka 1941 na wastani wa .406. Maana yake ni hii: mara 456 zilizohesabiwa, alifanikiwa 185. Mara 271 hakupata kitu, na hadi leo anatajwa. Bwana yule aliligawa eneo lake la straiki, yaani pale mpira ukipita unahesabiwa hata usipozungusha, katika sehemu 77 za ukubwa wa mpira, akakadiria wastani wake kwa kila sehemu. Pale anapopapenda, .400. Chini kwenye kona ya nje, .230. Mtu yule yule, gongo lile lile! Sasa wewe unayekimbilia mpira wa kifundoni unategemea nini?

Miaka ya nyuma nilikuwa na binti mwembamba, gongo lilimzidi nguvu. Kila akipiga, kichwa kinatangulia kuelekea besi ya kwanza, gongo linafuata likiwa peke yake. Nilimpigia kelele mwaka mzima, "Angalia mpira! Angalia mpira!" Haikusaidia, maana kumwambia mtu aangalie siyo kumfundisha kuangalia. Kosa lilikuwa langu. Ndipo nikaanza kuokota vifuniko vya madumu ya maji, tukachukua na mpini wa fagio. Watoto wa Jamhuri ya Dominika wanakulia kwenye mchezo huo mitaani, wanauita vitilla. Kifuniko kinayumba hewani kama popo; ukikivamia, kinakukwepa. Nikamwambia: vya bluu piga, vyeupe acha vipite. Wiki za mwanzo alikuwa anapiga upepo na kucheka. Baadaye akaacha kucheka. Kichwa kikatulia, kidevu kikabaki pale mpini ulipokutana na kifuniko, na mwisho mpira wa kweli akaniambia unaonekana mkubwa kama chungwa.

Mengine kwa kifupi. Gongo lishikwe kwa vidole, lisizame kiganjani. Miguu ipite upana wa mabega kidogo. Kiuno kianze, mikono ifuate. Gongo zito siyo sifa. Bunti, kuugusa mpira kidogo tu uanguke karibu, si aibu. Helmeti, hata mazoezini.

Na hiyo ya kuinua mguu mliyoitoa kwenye simu! Sadaharu Oh, mpigaji wa Japani, aliinua mguu akapiga homurani 868, lakini yeye na mwalimu wake Hiroshi Arakawa walikesha wakikata karatasi zinazoning'inia, kwa upanga wa kweli. Ninyi mmechukua mguu, upanga mkauacha.

Siwalaumu peke yenu. Shule moja niliyofundisha, magongo ya msaada yalifungiwa stoo, yakatoka siku ya wageni na kamera tu. Kipindi cha michezo kikageuzwa cha hisabati, na uwanja ukaanza kupimwa viwanja. Kisha sisi wazee tunakaa kivulini tunashangaa kwamba kijana hana jicho. Angelipata wapi?

Na wewe uliyelitupa gongo, sikutaji, unajijua. Nilikuona nyuma ya uzio umejifunika jezi usoni. Mwanangu, kukosa hakukuniuma. Nami nimekosa kuliko wewe, tena mbele ya mkwe. Jumamosi saa moja asubuhi nitakuwa pale chini ya mwarobaini na mfuko wa vifuniko. Njoo na mpini wa fagio, lakini muombe mama kwanza. Mwaka ule walikuja kunitafuta wazazi watatu.