Mkonga haugeuzi gari mtumbwi

Mhariri,

Wiki iliyopita ukurasa wenu wa magari ulikuwa na picha ya Land Cruiser imezama hadi kwenye taa, na chini yake maneno kwamba ukishafunga mkonga (snorkel, lile bomba linaloivutia injini hewa kutoka juu), maji si tatizo tena. Maneno hayohayo niliambiwa gereji, yakala difu langu, lile boksi la gia katikati ya ekseli linalogawa nguvu kwa magurudumu.

Kazi yangu ni kukarabati pampu za visima vijijini, Magu na Kwimba. Mwezi wa nne nilivuka kijito kimoja kinachoingia Mto Simiyu, maji usawa wa bampa. Mkonga ulivuta hewa juu huko, injini haikukohoa hata mara moja. Kijana wangu akapiga vigelegele. Siku ya nne gari likaanza kulia nyuma. Fundi wa Igoma akafungua nati ya difu, akakinga beseni: oili iliyotoka ilikuwa imechanganyika na maji, rangi ya chai ya maziwa, na povu lake juu.

Kumbe difu nalo linapumua. Limepata moto barabarani, ukalitumbukiza ghafla kwenye maji baridi, hewa ya ndani inasinyaa. Linatafuta pa kuvutia, na kipumulio chake kiko palepale juu ya ekseli, chini ya maji. Na hata bila mto, tope letu la mbuga likikaukia pale kinaziba, hewa ya moto ndani inakosa pa kutokea, inasukuma oili ipite kwenye sili (mipira ya kuzuia oili) na kuvuja.

Aliyenifungia mkonga hakukigusa. Springi alininyanyulia, tairi za inchi 31 akazitoa akaweka 33 (tangu hapo spidi mita ikisema 80, mwenyewe niko 85, nalo hakuniambia).

Kilichokosekana ni mpira mwembamba unaostahimili oili, uchomekwe kwenye kipumulio na kupandishwa hadi usawa wa boneti. Difu la mbele, la nyuma, na gia boksi. Pale Igoma tulimaliza asubuhi moja. Siku hizi nikifika mtoni nasimama kwanza, gari lipoe, kijana anapima kina kwa fimbo, na kesho yake nafungua nati kuangalia rangi ya oili.

Mpiga picha wenu akirudi kwa mwenye gari lile, namwomba atandike gunia alale chini ya ekseli ya nyuma, akipige picha kile kipumulio, kifuniko kidogo kilichopo juu yake. Akikuta hakina mpira, amwambie mwenyewe kabla hajavuka tena.

Fundi wa pampu,
Igoma, Mwanza