Sanamu za Wamaya ni kazi ya chokaa, si ya patasi peke yake

Mhariri,

Makala yenu kuhusu mahekalu ya Wamaya, watu wa kale wa Mexico na Amerika ya Kati, iliwasifu wachonga mawe, wapiga lipu wakasahauliwa. Sisi tunaofanya kazi ya chokaa hapa Lamu hatuwezi kulinyamazia hilo, maana mapambo mengi ya Palenque, mji wao wa kale huko Mexico, ni chokaa.

Mwashi aliacha vijiwe vimechomoza ukutani pale sura ilipotakiwa kujitokeza, ili vibebe uzito. Chokaa ikapakwa juu yake, tabaka baada ya tabaka. Huko Palenque mtu aliumbwa uchi kwanza, ndipo akavishwa nguo, mkanda na shanga, kila kimoja kwa tabaka lake. Nguo ikibanduka leo, mwili uliomalizwa vizuri unaonekana chini yake, ingawa fundi alijua utafunikwa. Rangi nayo ilipakwa, nyekundu kwa wingi.

Chokaa yao ilitokana na mawe yaliyochomwa kwa kuni, kisha yakazimwa kwa maji. Aliyewahi kutengeneza zidaka, vile vishubaka vya lipu vya ukutani, anajua hatari iko wapi: punje isiyozimika sawasawa hujizima baadaye ndani ya ukuta, ikavimba na kurusha kipande cha lipu. Tabaka nene likipigwa na jua hupasuka, kwa sababu chokaa haishiki kwa kukauka tu. Hunywa hewa ukaa polepole, na pasipo unyevu kazi hiyo husimama.

Mvua nayo haina huruma kwa chokaa iliyo wazi. Hekalu la Rosalila huko Copán, Honduras, lililogunduliwa 1989, lilisalimika na sanamu zake kwa kuwa Wamaya wenyewe walilizika zima ndani ya jengo jipya.

Tunapinga kabisa pendekezo lenu la kuziba nyufa za majengo ya kale kwa saruji. Saruji ni ngumu kuliko lipu ya zamani na hufungia unyevu. Chumvi hujikusanya nyuma yake, ikasukuma uso wa zamani hadi ukadondoka. Kuta zetu za matumbawe, zenye chumvi tayari, huumia vivyo hivyo. Changanya chokaa iliyolowekwa kipimo 1 kwa mchanga safi vipimo 3, usichote mchanga wa ufuoni. Lowesha ukuta, paka tabaka lisilozidi sentimita 1, kisha funika kwa magunia mabichi siku kadhaa kabla ya kuongeza jingine.

Waashi wa chokaa,
Lamu