Barua ya wazi kwa mabinti wa futsal wa Dodoma

Wajukuu zangu,

Jumamosi iliyopita nilikuwa nimekaa chini ya mwarobaini, pembeni ya ule uwanja wa saruji mnaofanyia mazoezi ya futsal, ule mpira wa miguu wa uwanja mdogo, watano kwa watano. Zamu yenu ilikuwa saa kumi. Mlifika mapema, mmeshafunga viatu, mipira miwili ndani ya wavu. Vijana wa kiume walikuwa bado wanacheza. Mmoja akawaambia, "Dada zetu, tunamalizia hii moja." Mkakaa ukutani. Ile moja ikazaa ya pili, ya pili ikazaa ya tatu, mpaka adhana ya magharibi ikasikika. Mkaokota mifuko yenu, mkaondoka mnacheka.

Kicheko kile kimeninyima usingizi, maana nakijua. Nilipokuwa msichana tulicheza netiboli kwenye uwanja wa vumbi wa shule. Wavulana wakiutaka uwanja, hakuna aliyetufukuza. Tulizing'oa nguzo wenyewe, tukazibeba mabegani hadi stoo, huku tunacheka ili tusionekane tumeumia. Nikaja kuwa mwalimu, nikawafundisha na wengine adabu hiyohiyo ya kupisha. Hilo linanichoma hadi leo.

Sasa nisikilizeni. Aprili 2025, kule Rabat, timu yetu ya wanawake ilifika fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika la futsal, la kwanza kabisa kwa wanawake. Tukafungwa 3-2 na Morocco, wenyeji, mbele ya watu wao. Mabao matatu kwa mawili! Tukapata tiketi ya Kombe la Dunia la kwanza la futsal la wanawake, Ufilipino, mwaka huohuo, tukapangwa kundi moja na Ureno, Japani na New Zealand. Wale ni mabinti kama ninyi. Sidhani kama walifika huko kwa kupisha.

Mchezo wenu wenyewe unawafundisha. Anayeanzisha mpira wa pembeni ana sekunde 4 tu, akizubaa unakwenda kwa wapinzani. Kipindi ni dakika 20, na saa husimama kila mpira unapotoka, ili mchezaji asiibiwe hata dakika moja. Jumamosi ile mlikaa ukutani saa mbili nzima, na hakuna aliyewasimamishia saa. Kwa nini hamkuingia? Mngeingia wote kwa pamoja, mkasimama katikati, mkasema kwa heshima: kaka zetu, saa kumi imefika. Heshima haikatazi kudai zamu yako.

Mengine nayasema kwa ufupi. Shule kwanza. Njumu msizilete kwenye saruji, vaeni raba za soli bapa. Jifunzeni kuutuliza mpira kwa unyayo. Hesabuni rafu, kwa sababu kuanzia ya sita katika kipindi mnapigiwa mpira wa adhabu bila ukuta wa wachezaji mbele yake. Njooni na maji.

Nanyi wazazi wenzangu, msijifiche nyuma ya barua isiyo yenu. Timu ya taifa ilipofika fainali tulitumiana pongezi kwenye simu usiku kucha. Kesho yake binti wa nyumbani anaomba ruhusa ya muda wa saa mbili akacheze, anaulizwa nani atateka maji. Kaka yake alishatoka tangu mchana na hakuna aliyemuuliza. Viongozi wa mtaa nao, wakishakata utepe, uwanja wanauachia wenye nguvu. Bandikeni ratiba getini, muweke na mtu wa kuisimamia.

Wajukuu zangu, siwagombezi kwa chuki. Nimewaona mnavyopasiana, yule mdogo wenu wa mguu wa kushoto ananifanya nisahau magoti yangu yanayouma. Jumamosi hii nitakuja saa tisa na nusu na kiti changu. Nitakiweka kwenye mstari wa kati. Mkifika, nikuteni hapo.

Bibi yenu, mwalimu mstaafu,
Dodoma