Taarifa ya mwenyekiti kwa wanachama wa chama cha waongea Kiswahili wa Iowa, Marekani, mwaka 2025

Ndugu wanachama, habari za majukumu. Mambo ya kawaida nayapitia harakaharaka maana mengi mlikuwepo: futari tulifanya, mahafali ya watoto tulifanya, misiba miwili tumechangiana na tumezika, pikniki ya Julai ilifana pamoja na jua lile. Katibu nampongeza, ila kumbi zote nilitafuta mimi na gari lililobeba viti mwaka mzima ni langu.

Sasa hili la mkutano mkuu kufanyika Columbus Junction. Kwenye grupu yamesemwa mengi, eti mwenyekiti anatupeleka porini, mara mafuta bei juu, mara kwa nini tusikae Des Moines kama miaka yote. Uamuzi ni wangu, kamati niliijulisha mapema, na leo ningeamua hivyohivyo. Chama hiki ni cha waongea Kiswahili wa Iowa nzima, Wakongo, Warundi, Wakenya, Watanzania, sio cha Des Moines peke yake. Wenzetu wa kule kila mwaka wanaendesha zaidi ya masaa mawili kutufuata sisi na sijawahi kusikia mtu anawaonea huruma. Mji wenyewe haufiki watu 2,000, upo pale mto Cedar unapoingia mto Iowa, mafuriko ya 2008 yaliuvamia, na unakula kwa kiwanda cha nguruwe, kwenye line ya kukatia nyama huku kasimama Mmeksiko na kule mtu wa kabila la Wachin wa Burma, na kazi iliposimama Aprili 2020 kwa ajili ya corona kila nyumba ilisikia. Hao wa kiwandani ndio wanaolisha Marekani, na kati yao wamo wanachama wenu.

Watu wa Waterloo hawakulalamika, nao wako mji wa trekta tangu kampuni ya matrekta ya John Deere inunue kiwanda pale 1918. Cedar Rapids pia walikuja, na kule ukishuka tu kwenye gari pua inakwambia leo kiwandani wanapika oats, ile nafaka ya uji. Walalamikaji ni sisi wa Des Moines, mji wa watu zaidi ya laki mbili, tuna maofisi ya bima, tunajiona kilimo hakituhusu. Jamani, Henry Wallace, yule aliyekuja kuwa makamu wa rais wa Marekani, alianzisha kampuni yake ya mbegu chotara za mahindi hapahapa Des Moines mwaka 1926. Na maji tunayokunywa yanatoka mto Raccoon na mto Des Moines, yameshapita kwenye mahindi na soya za watu huko juu na mbolea inashuka nayo, ndio maana Juni mwaka huu tulikatazwa kumwagilia nyasi, naitreti, ile chumvi ya mbolea, ilikuwa nyingi mpaka mitambo ikawa haiwezi kusafisha maji ya kututosha wote.

Mahudhurio yaliniuma, sitaficha. Daftari lina wanachama 86, walikuja 23, na Des Moines nzima walitoka wanne. Kuna dada mmoja alitoka shift kiwandani akaja moja kwa moja, vidole vimevimba kwa kisu hata kukunja ngumi hawezi, kashika sufuria ya maharage kwa viganja, na alikaa mpaka tunafunga. Huyo ada yake ilishalipwa tangu Januari.

Ada waliolipa ni 31, kwa dola 60 ni 1,860, ukumbi 300, chakula 540, rambirambi 700, salio 320. Watu 55 hawajalipa na baadhi yao ndio waliouliza kwa sauti kubwa hela zimeenda wapi.

Mwakani, Mungu akipenda, tutafute kipande cha ardhi tulime lengalenga (mchicha) na matembele, watoto washike jembe, na ikiwezekana mkutano uende Waterloo. Tutaona. Wenye madeni wamwone mhazini kabla ya Desemba kuisha, risiti zipo, na anayetaka kuangalia daftari la mapato aje kwangu jumapili yoyote mchana.