Mama Irene, nimewapa sifuri watoto 14

Mama Irene shoga yangu,

Habari za siku, za watoto, na baba Irene kifua chake kinaendeleaje? Sisi wazima tunamshukuru Mungu, mvua tu ndo imegoma mahindi yanasinyaa. Najua nimekaa kimya tangu tulipoachana kwenye msiba wa Mzee Pazi na simu yako sikupokea wala sikurudisha, nisamehe mwenzangu, hiyo nayo ina stori yake tukionana. Ila leo nina jambo linaninyima usingizi na hapa ofisini sina wa kumwambia akanielewa.

Si unazijua zile sheria zangu za kipindi cha fasihi, nilizoandika kwa makapeni kwenye manila nikabandika ukutani? Hoja bila mfano kutoka kitabuni haina maksi. Mwenzako akisoma kwa kukwamakwama hakuna kucheka. Mwalimu unaruhusiwa kumpinga ila ufungue ukurasa utuonyeshe. Na ile ya mwisho nikaipigia mistari miwili, desa, yale majibu ya kukariri yanayouzwa yamechapwa tayari, haliingii kwenye kipindi hiki, atakayenakili anapata sifuri.

Sasa wiki iliyopita nikawapa form four swali la kawaida kabisa, mfano wa yale ya NECTA kwenye mtihani wa taifa, watumie tamthilia mbili walizosoma, mojawapo Ngoswe, hoja tatu kila kitabu. Nikakaa usiku kusahihisha. Daftari la tano nakuta mtu kaandika “Ngoswe alimpenda Mazoezi binti wa Mzee Mitomingi”. Nikasema huyu kateleza kalamu. La nane, Mazoezi. La tisa, Mazoezi! Mpaka namaliza rundo wamefika 14, Mazoezi watupu, na maelezo yaleyale mpaka mkato ulipokaa. Kumbe kuna desa linauzwa stationery karibu na stendi shilingi 500, aliyelichapa kakosea jina la Mazoea na watoto wamemeza hivyohivyo. Jamani Mama Irene, mtu aliyesoma ile tamthilia anakoseaje jina la yule binti? Si ndo huyo karani mzima wa sensa alisahau kazi iliyompeleka kijijini kwa ajili yake!

Sheria ni sheria, nikawapa sifuri wote 14. Kesho yake mwalimu wa taaluma kanijia juu, wastani wa somo umeshuka, mock, mtihani wa majaribio, iko mlangoni, mkuu ataniuliza. Mwingine naye kadakia pale ofisini eti niwachape tu yaishe. Fimbo nilishasema hapana na sibadiliki, hakuna mtoto aliyependa kitabu kwa kuchapwa.

Lakini hayo sio yanayoninyima usingizi. Mmoja wa wale 14, kijana mtaratibu anakaa dirishani, alisubiri wenzake watoke akanifuata mezani akaniambia, “Madam, mimi hicho kitabu sijawahi kukishika.” Hakusema kwa ujeuri, alikuwa anaangalia chini anakunjakunja kona ya daftari. Nikaenda stoo kuhesabu mwenyewe. Nakala 6, moja haina jalada, nyingine imeishia katikati, na darasa lina watoto 57. Yaani mwaka mzima nawaambia hoja bila mfano wa kitabuni haina maksi, na kitabu chenyewe hawana!

Basi nimeibandua ile manila. Nimeandika nyingine, ya kwanza kabisa inasema kitabu tunasoma hapahapa darasani, kwa sauti, wote. Dabo yangu ya Jumatano, vipindi viwili mfululizo dakika 80, tumesoma pale Mitomingi anapozichoma zile karatasi za sensa, na yule kijana wa dirishani ndo nilimpa Mitomingi. Alianza kwa kukwama, darasa kimya, hakuna aliyecheka, alipofika kwenye hasira sauti ikapanda mpaka form two wa jirani wakachungulia. Mwanafunzi mmoja akanyoosha mkono akauliza, madam kama Ngoswe angekuwa na kishikwambi yule mzee angechoma nini? Nikawasimulia nilivyokuwa karani 2022, nyumba kwa nyumba na kishikwambi mkononi mpaka tukapata watu milioni 61 na ushee. Hapo darasa likawaka, nani mwenye kosa, karani au mzee, na binti mmoja akasimama akasema mbona lawama zote tunayatupia mapenzi, Mitomingi kachoma hesabu ya watu wa kijiji kizima ambao hawajamkosea kitu. Nilisikia mwili unasisimka. Hilo kwenye desa halipo Mama Irene, hilo katoa kichwani mwake.

Sasa narudi kwenye zile sifuri, bado ziko kwenye daftari langu. Nikimwangalia yule kijana natamani nizifute zote usiku huuhuu. Halafu namkumbuka binti mwingine aliyekuwa ananisubiri saa 12 asubuhi mlangoni mwa ofisi aazime nakala kabla wenzake hawajafika, akasoma yote, akapata 11 kati ya 15 zake kwa jasho, huyo nitamwambia nini? Nimewaza wote 14 waandike upya, swali lilelile, kitabu kiwe mezani wafungue wanavyotaka ila desa hapana. Ila taaluma anataka maksi Ijumaa na nakala zenyewe ndo hizo 6, sijui niwagawe kwa zamu au...

Nishauri dada, wewe una miaka mingi kwenye hili somo kuliko mimi. Wewe ungefuta? Kule kwako desa mnalifanyaje, mnawanyang'anya au mnalisoma nao darasani mnalikosoa? Na ile stoo yenu uliyosema ina maboksi hayajafunguliwa, hakuna Ngoswe hata 10 mkuu wako akatuazima mpaka mock iishe? Na ile riwaya ya Watoto wa Mama N'tilie nayo je? Ukipata nifungie kwenye basi la asubuhi, andika jina langu kubwa na unitumie namba ya gari, nauli ya mzigo nitalipia huku. Na Da' Zainabu kajifungua au bado? Mbona hakuna anayeniambia?

Nijibu kabla ya Ijumaa tafadhali.

Wako,
Mama Tumaini