Barua ya wazi kwa walimu vijana wa usanifu majengo: rudini mkaone

Wanangu walimu,

Nawasalimu nyote, na marahaba kwa kila atakayeniamkia. Mimi sikuwahi kuajiriwa chuoni. Nilikuwa msanifu wa ofisini na wa saiti, na mwisho wa muhula chuo kilikuwa kikiniita nije kukaa upande wa wanaouliza maswali, wanafunzi wakiwa wamebandika kazi zao ukutani, macho yamewavimba kwa kukesha. Baadhi yenu ndio mliokuwa na macho hayo. Leo ni madaktari wa falsafa, mna ofisi zenu na wanafunzi wenu wanaokesha, na nikiwaona moyo wangu hujaa.

Nimeshika kalamu kwa sababu ya mjukuu wangu, ambaye anajiandaa kuanza masomo haya. Juzi alinisomea orodha ya mafanikio ya walimu wa idara moja ya usanifu. Machapisho, ruzuku za utafiti, tuzo, mashindano ya ubunifu, uhariri wa majarida, mikutano ya Ulaya. Nilisikiliza hadi mwisho, nikafurahi sana, kisha nikamwuliza: hakuna aliyeandika kwamba alirudi kwenye jengo lake baada ya miaka kadhaa, na alikuta nini? Akasoma upya tangu juu. Hakuna.

Hilo ndilo ninalotaka kuzungumza nanyi. Lakini msije mkadhani nadharau orodha ile, kwani najua imetoka wapi.

Pale mnapofundisha, mahali ambapo watu wa Dar es Salaam wanapaita Survey mpaka leo, palianza na mafunzo ya upimaji ardhi. Kituo kilifunguliwa mwaka 1956 kule Mgulani, kikahamia kilimani, kikawa Chuo cha Ardhi katika miaka ya 1970, kikaungana na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1996, na mwaka 2007 kikasimama chenyewe kama Chuo Kikuu Ardhi. Wakati wetu, kijana wa Kitanzania aliyetaka kuwa msanifu alipanda meli au ndege. Anthony Almeida alizaliwa Dar es Salaam, akaenda kusomea Bombay. Beda Amuli alisomea Haifa, akarudi kuwa Mwafrika wa kwanza kuwa msanifu hapa kwetu, akachora Soko la Kariakoo na ile miavuli yake mikubwa ya zege ambayo kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hupelekwa kuitazama. Leo mtoto wa Mbagala anaweza kupanda daladala akafika kwa mwalimu aliyebobea. Hayo ni mafanikio makubwa, na waliotangulia kuwapikia chungu hicho wengi wao wamekwisha kufa.

Na utafiti wenu si wa kubeza. Huba Nguluma aliingia katika nyumba za makazi yasiyopangwa ya Dar es Salaam, akapima jinsi wenyewe wanavyozibadilisha: nyumba yetu ya Kiswahili, yenye ukumbi katikati, vyumba huku na huku na ua nyuma, ikigeuka kidogo kidogo kuwa kitu kingine. Shaaban Sheuya akaonyesha kwamba chumba kinachoongezwa ubavuni kwa ajili ya mpangaji ndicho ada ya shule na dawa ya mama mwenye nyumba, kwa hiyo anayekiita uchafu wa mji hajui anachokisema. Livin Mosha akapanda Kilimanjaro kusoma vihamba vya Wachagga, nyumba na migomba kwa pamoja. Kabla ya watu kama hawa, sisi wa ofisini tuliona nyumba za namna hiyo kama vitu vya kuondolewa. Mimi nilikuwa miongoni mwao. Walimu ndio walionifungua macho, nami nilikuwa na mvi tayari.

Sasa niwaeleze jambo langu, maana ndilo linalonipa haki ya kuwasemesha.

Miaka ya nyuma nilichora madarasa ya shule moja ya sekondari mkoani Dodoma. Kiwanja kilikuwa chembamba, kimeelekea kaskazini na kusini, nikalaza jengo kufuata kiwanja. Kwa hiyo madirisha yakatazama mashariki na magharibi. Fedha zilipopungua, mkadiriaji majenzi akaniuliza tupunguze wapi, nikapunguza upenu, ile sehemu ya paa inayotokeza nje ya ukuta kuukinga na jua na mvua, mpaka sentimita 45. Jengo likasimama, likapigwa picha, picha ikatundikwa ofisini kwetu. Ndiyo ilikuwa kazi yangu ya kujivunia.

Baada ya miaka sita nilipita njia ile kwa shughuli nyingine, nikaomba kuingia. Ilikuwa saa nane mchana. Vioo vyote vya upande wa magharibi vilikuwa vimebandikwa karatasi za kaki kwa gundi ya uji wa muhogo, na ndani kulikuwa na giza la rangi ya chai. Wanafunzi walikuwa wamesogeza madawati yote upande mmoja, wamebanana kama abiria. Kilichonishika zaidi kilikuwa sakafuni. Mbele ya ubao palikuwa na mikwaruzo kwenye saruji, minne minne, imejipanga kutoka ukuta hadi ukuta. Ilikuwa alama ya miguu ya meza ya mwalimu. Nilimwuliza yule mwalimu, dada mmoja mpole, akajibu bila hasira yoyote: “Tunalikimbia jua, mzee. Asubuhi meza inakaa huku, mchana inakwenda kule.” Miaka sita wamekuwa wakiivuta meza ile kila siku, na mikwaruzo ilikuwa imezama kiasi kwamba kidole changu kiliingia.

Nilirudi mjini nikabadilisha namna yangu ya kuchora. Shule iliyofuata niliipa upenu wa mita moja na ishirini na sikukubali mtu auguse, na pale kiwanja kilipokataa nililikata jengo vipande ili kila kipande kitazame kaskazini na kusini. Lakini sikumwambia mtu kwa nini. Sikuandika ukurasa mmoja. Niliona haya. Baadaye nikapata habari kwamba ramani ile ile ya Dodoma ilikwisha kutumika katika shule nyingine mbili, kwa sababu kabatini ilionekana ni ramani nzuri, imethibitishwa, ina picha. Watoto wa shule mbili zaidi wakapikwa na jua kwa ajili ya haya yangu. Hilo halijanitoka mpaka leo.

Mimi nilikuwa na udhuru mbovu wa mtu wa ofisini: mteja anayefuata anasubiri. Ninyi hamna udhuru huo. Mwalimu ndiye mtu pekee katika kazi yetu anayelipwa ili ajue, na mwenye vijana thelathini wanaoweza kupanda basi pamoja naye wakiwa na kipimajoto, futi kamba na daftari. Mkirudi kwenye jengo lenu miaka mitatu baada ya kukabidhi funguo, mkakaa siku nzima mkatazama maji ya mvua yanakwenda wapi, watu wanakaa upande gani saa saba mchana, mlango gani umepigwa misumari, hayo ni machapisho. Yaandikeni, hata yakiwaaibisha. Yakiwaaibisha ndiyo hasa yaandikeni.

Wako walioishi hivyo nao wakafika mbali. Francis Kéré alikuwa bado mwanafunzi kule Berlin alipojenga shule ya msingi kijijini kwao Gando, Burkina Faso, ikakamilika mwaka 2001. Matofali ya udongo uliochanganywa na saruji kidogo, dari la matofali lenye nafasi za kupitisha hewa, na bati limeinuliwa juu yake kwa kenchi za nondo ili joto lipite katikati. Watoto walibeba mawe, kina mama wakabeba maji. Tuzo ya Aga Khan ya usanifu majengo ilimfikia mwaka 2004. Lakini ninachowaomba mkitazame ni kwamba hakuishia hapo: alirudi Gando akajenga nyumba za walimu, akarudi tena akaongeza madarasa, na katika yale madarasa mapya dari si lile la kwanza, limekuwa tao, kwa sababu alikuwa ameona. Leo ni profesa Munich, na mwaka 2022 akawa Mwafrika wa kwanza kupata tuzo ya Pritzker, ile inayoheshimiwa kuliko zote katika kazi yetu. Nani asiyeitaja tuzo? Mimi kwanza huwaambia vijana wazitazame zile dari mbili. Wasioweza kwenda Burkina Faso, kazi yake nyingine iko jirani tu, kando ya Ziwa Turkana nchini Kenya, yenye minara ya kutoa hewa moto aliyoiiga kwenye vichuguu vya mchwa wa kule kule.

Peter Rich naye, msanifu wa Afrika Kusini, alifundisha Chuo Kikuu cha Witwatersrand cha huko kwao kwa takribani miaka thelathini, miaka ambayo alizunguka akichora kwa mkono nyumba za Wandebele na kuzisoma. Alipochora kituo cha wageni cha Mapungubwe, huko huko Afrika Kusini, alishirikiana na walimu wenziwe wa Cambridge na MIT, wakajenga matao kwa vigae vya udongo zaidi ya 200,000 vilivyofinyangwa na watu wa pale pale waliokuwa hawana kazi, waliofundishwa wakafundishika. Mwaka 2009 jengo hilo likatangazwa Jengo la Mwaka la Dunia kule Barcelona. Hebu fikirini miaka aliyokaa akichora nyumba za watu wengine kabla ya hapo, na jinsi miaka ile ingeonekana mitupu kwenye fomu ya kupandishwa cheo.

Kuna na mafanikio ya namna nyingine, ambayo mtu hayachagui. Profesa Barnabas Nawangwe ni msanifu, amefundisha usanifu Makerere, na alikuwa Makamu Mkuu wa chuo usiku ule wa Septemba 2020 jengo kuu la mwaka 1941 lilipoungua. Nilipoona picha za paa likianguka niliwaza: mtu huyu anajua kila boriti inayoanguka. Jengo likajengwa upya kwa sura yake ile ile, likakabidhiwa mwaka 2024. Soko letu la Kariakoo nalo liliungua, Julai 2021. Ndiyo maana nawasihi muwe na ramani za majengo yaliyosimama, si ya yale mnayoyaota tu. Kila mwaka mnapeleka vijana kupima nyumba za kale za Bagamoyo, Zanzibar na katikati ya jiji. Kazi zile huenda wapi baada ya alama kutolewa? Nimeziona nyingine zimekunjwa nyuma ya kabati, mchwa wanazisoma kabla ya binadamu. Nyumba iliyopimwa mwaka ule imekwisha kubomolewa, na ile karatasi iliyoliwa ndiyo ilikuwa nyumba yote iliyobaki.

Na hapo hapo niseme neno chungu. Kuna chuo kimoja, sitakitaja wala nchi yake, niliona humo michoro ya nyumba ya kale imechapishwa kwa jina la mwalimu. Mkono ule niliufahamu. Ulikuwa wa mwanafunzi niliyemsikiliza akiiwasilisha kazi ile ile, binti aliyelala kwenye nyumba ya shangazi yake wiki mbili ili aipime. Jina lake halikuwamo hata kwenye shukrani. Wanangu, msifanye hivi. Andikeni majina ya vijana wenu. Andikeni na jina la fundi, maana mnajua vizuri kwamba lile tao mlilolichora lilisimama kwa sababu kuna mtu alijua kukata mbao za kulishikilia.

Kuhusu huyo fundi, bado nina moja. Mnafundisha kwa Kiingereza na kuandika kwa Kiingereza, na sababu zake nazijua. Lakini anayemwaga zege anaitwa kwa Kiswahili. Nimemwona kijana mwenye shahada nzuri amesimama saiti hajui kusema upenu, anaonyesha juu kwa kidole. Fundi mwashi akiongea habari za timazi, pima maji, lenta, jamvi na mirunda, mwanafunzi wenu asiwe mgeni. Na wale kina mama waliowafungulia vyumba vyao mkapima mpaka chini ya vitanda, warudishieni walau kurasa nne za Kiswahili zenye ramani ya nyumba yao. Mama mmoja wa Manzese aliniambia amepimwa nyumba mara tatu na vyuo tofauti na hajawahi kuona mchoro hata mmoja. Aliuliza tu kama inawezekana apate mmoja autundike sebuleni.

Sijui wakubwa wenu watalikubali vipi jambo hili la kurudi kwenye majengo katika fomu zao. Mimi ningeanza bila kuwangoja. Chagueni jengo moja kila mmoja wenu, lililo lenu au la mwalimu wenu, mwende mwaka huu na wanafunzi wa mwaka wa tatu.

Ramani zangu zote za ile shule ya Dodoma ninazo, pamoja na daftari nililochorea ile mikwaruzo siku ile ile, vipimo na saa. Ziko kwenye bomba la bati nyuma ya mlango wa sebule yangu. Mwalimu atakayekwenda kule na wanafunzi wake aje azichukue kabla ya masika. Madarasa bado yanatumika, na mjukuu wangu ameniomba kama atapata nafasi kwenye basi.

Baba yenu,
Msanifu mstaafu, Dar es Salaam