Kwa mwalimu mwenzangu aliyehamishiwa Garissa

Rafiki yangu mpendwa,

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nimekwama pale uliposema kwamba watoto wa huko hawana utamaduni wa kusoma. Nakujibu hadharani kwa sababu neno hilo nimelisikia kwa walimu wengi waliopelekwa kaskazini mashariki mwa Kenya, nami naamini linawadhulumu wanafunzi wako.

Kabla hujalirudia, nakuomba ufike maktaba ya mji. Ilikuzwa chini ya Huduma ya Maktaba ya Taifa ya Kenya, shirika lililoundwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1965, na ni wakutubi wa hapo waliokiri kwamba jengo lisilohama haliwezi kumfaa mtu ambaye makazi yake hufuata malisho na maji. Gari nalo lingekwama, kiangazi katika mchanga na masika katika tope. Basi mwaka 1996 wakaanza kuwapelekea wafugaji vitabu kwa ngamia watatu.

Ngamia mmoja alibebeshwa makasha mawili ya mbao yenye vitabu takribani 200 kila moja, wa pili akachukua hema, na wa tatu mizigo mingine ya safari. Msafara ulipofika shuleni au kwenye makazi ya wafugaji, hema lilisimamishwa, mikeka ikatandikwa na makasha yakafunguliwa, nao watoto wakaja kuchagua. Kitabu kiliazimwa kwa wiki mbili, kikarejeshwa msafara uliporudi, na kingine kikachukuliwa. Huduma hiyo baadaye ilifika Wajir pia. Hebu fikiri: kama watu hao hawakutaka kusoma, ngamia wengine wa kuongezwa wangetafutiwa nini? Msafara ule uliongezewa wanyama kwa sababu ulikuwa na wasomaji wa kuwaendea.

Tena, usisahau kwamba unafundisha watoto wa Wasomali, jamii inayoheshimu ushairi kuliko wengi wetu, jamii ambayo mzee asiyejua kuandika jina lake anaweza kukukaririria beti za vizazi vilivyopita bila kukosea. Kuandika Kisomali kwa herufi za Kilatini kulifanywa rasmi nchini Somalia mwaka 1972 tu, kwa hiyo vitabu vya watoto katika lugha hiyo bado ni vichache, na shuleni mtoto hukutana na maandishi katika Kiswahili na Kiingereza, lugha ambazo mama yake huenda hazizungumzi nyumbani. Huo ni uhaba wa vitabu, ndugu yangu, wala si uvivu wa mtoto.

Katiba ya mwaka 2010 iliziweka maktaba miongoni mwa majukumu ya serikali za kaunti, kwa hiyo sauti ya mwalimu aliye hapo hapo ina uzito kuliko yangu mimi niliye mbali. Jisajili uwe mwanachama, uwapeleke wanafunzi wako darasa zima, na bajeti ya kaunti inapojadiliwa mbele ya wananchi, uwepo, uitaje maktaba kwa jina. Ukishafika huko maktabani, muulize mkutubi rafu ya vitabu vya Kisomali ina vitabu vingapi vya watoto, kisha uniandikie tena.